Nukta Nje ya Fuvu

Nukta moja ilitokea nje ya kichwa.

Fundi aliisogelea kompyuta, akasonya. Pale hospitalini kila mtu alimwita Fundi, hata daktari bingwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeielewa ile programu. Mgonjwa wa kifafa akishapandikizwa nyaya nyembamba ubongoni, programu inachukua picha ya kabla ya upasuaji, inailaza juu ya picha ya baada, kisha inataja kila ncha ya waya imekaa sehemu gani. Hapo ndipo daktari anajua mshtuko unaanzia wapi, na akate wapi. Safari hii ncha zote zilipata majina ya sehemu zake, isipokuwa hiyo moja. Ilikaa hewani, kushoto, mbali kidogo na sikio.

"Picha hazijalaliana vizuri," alijiambia, akazilinganisha upya. Nukta ikahama. Picha zilezile, programu ileile, lakini sasa ilikuwa mbali zaidi na kichwa, na ilikuwa imepanda, kama mtu aliyekuwa amechuchumaa akaamua kusimama.

Angekuwa mgonjwa mwingine, Fundi angecheka, akaenda zake kunywa chai. Lakini kichwa kile kilikuwa cha Kitinda, mdogo wake wa mwisho, aliyelala chumba cha pili huku nyaya zikimtoka kwenye bandeji na kuingia kwenye mashine ukutani, asiweze hata kugeuka ubavu bila kusaidiwa.

Alipoingia humo alikutana na harufu ya nywele mbichi zinazoungua. Mama yao alikuwa ameketi kulia kwa kitanda, mkoba mapajani, amenyooka kama mgeni.

"Mama, kuna kitu kimeungua humu?"

"Funga mlango," mama alinong'ona. "Na usipite upande ule."

"Upande upi?" Fundi aliuliza, akiufunga.

Kitinda ndiye aliyejibu, macho yakiwa darini. "Kushoto kwangu, kaka. Hapo penye pazia. Lililokuwa kichwani mwangu limetoka, ila haliwezi kwenda. Waya wenu umelishika."

"Hizo ni dawa, mdogo wangu. Pumzika."

Alisema hivyo huku akiitazama skrini ya mashine. Mistari yote ilitetemeka polepole, isipokuwa mmoja. Huo ulipanda Fundi alipozungumza, ukashuka aliponyamaza. Alivuta pumzi, mstari ukapanda. Akaibana, na mstari ukalala, ukamsubiri.

Fundi akaurudia mlango. Kitasa kilizunguka vizuri tu, lakini mlango haukusogea hata kidogo. Upande wa pili wa kioo cha mlango muuguzi alikuwa akipanga vidonge, na Fundi aligonga kioo, akagonga tena kwa ngumi, akaita, akapiga kelele mpaka koo likamkwaruza, naye muuguzi akainua macho, akatabasamu, akampungia mkono kama mtu anayesalimiwa na mwenzake wa kazi, kisha akaendelea na vidonge vyake, na ndipo Fundi alipong'amua kwamba ngumi zake hazikuwa zikitoa sauti yoyote.

"Vuta waya."

Midomo iliyotikisika ilikuwa ya Kitinda. Sauti ilitoka kwenye pazia.

"Siwezi," Fundi alisema. "Nikiuvuta kwa mkono atavuja damu ndani. Atakufa."

"Na mimi nikiuvuta?"

Shingo ya Kitinda ikaanza kujipinda upande wa kulia, taratibu, waya ukakazika ndi, bandeji ikachora duara jekundu dogo, na Fundi akarukia kile kichwa akakikamata kwa viganja viwili, huku akihisi ndani ya ile shingo nyembamba nguvu ya mtu anayesukuma mlango aliofungiwa.

Mama akaweka mkoba chini. Alizunguka kitanda bila haraka, akaenda kusimama mbele ya pazia.

"Mwache mtoto," alisema, kama anayemkaripia jirani. "Ulikaa na mimi tangu usichana wangu. Nilipombeba huyu tumboni ndipo ukanihama. Basi, rudi kwangu."

"Mama, usifanye hivyo!"

"Wewe shika kichwa cha mdogo wako. Usikiachie."

Akatanua mikono, akakumbatia hewa. Pazia likavimba, likamzingira mabega. Aliivuta ile harufu kwa pua na kwa mdomo, kama mwenye kiu anayekunywa maji, mpaka chumba kikabaki kinanukia dawa ya kudekia. Kitinda akalegea. Mlango ukafunguka, muuguzi akachungulia.

"Mmeniita?"

Fundi alipozilinganisha tena zile picha, nukta ilikuwa ndani ya ubongo, ikiwa na jina la sehemu yake. Daktari bingwa akakata kipande kilichopaswa kukatwa, na Kitinda hajaanguka tena. Amerudi kazini, amejifunza kuendesha baiskeli, na kila akipiga simu analalamika kwamba kaka yake hataki aje kumwona mama.

Fundi atamwambia nini? Mama anaishi kwake sasa, chumba cha uani, na ni mama mwenyewe aliyemtuma akanunue komeo la kufungia kwa nje. "Ukishanipa chakula, nifungie," alimwambia. "Nikikuomba ufungue, usifungue. Hata nikilia, mwanangu."

Anaomba karibu kila alasiri.

"Baba, limeondoka. Leo nimelisikia likitoka. Nifungulie, joto linaniua humu."

Sauti ni ya mama kabisa. Hata kile kikohozi chake kidogo kimo. Fundi anashika komeo, maana huenda leo ni kweli, na mwanamke aliye mle ndani ni mama yake tu, peke yake, gizani, anayefungiwa na mtoto aliyemzaa. Kisha anauondoa mkono.

"Nisamehe, mama."

Anakaa sakafuni, mgongo mlangoni. Upande wa pili anamsikia mama naye akijishusha, akiegemea ubao uleule, akilia taratibu. Na mama akiwa bado analia hivyo, kwenye ufa wa mlango, karibu kabisa na sikio la Fundi, mtu mwingine anacheka.