Mteremko Uliojengwa Mara Mbili

Palikuwa na mwashi mmoja aliyeitwa Timazi. Hilo si jina alilozaliwa nalo. Timazi ni ule uzi wenye kitu kizito mwishoni, ambao mwashi huuning'iniza ili aone kama ukuta umesimama wima. Yeye alikuwa nao mfukoni hata akienda msibani. Akifika nyumbani kwa mtu, kabla hajaketi alikuwa ameshafumba jicho moja na kuupima mlango.

"Mlango wako umepinda," alikuwa akisema.

"Karibu chai kwanza, fundi," alikuwa akijibiwa.

Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Aliishi na binti yake, mwokaji wa mikate, ambaye alikuwa karibu kuolewa na dereva wa lori.

Kwa miaka thelathini Timazi alipanda majukwaa ya ujenzi, hata ya ghorofa nne, asianguke hata siku moja. Aliangushwa na kipande cha sabuni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, bafuni kwake, naye alikuwa anaimba. Wimbo ulikatika na kifundo cha mguu kikavunjika.

Hospitalini alifungwa plasta hadi karibu na goti, akapewa magongo mawili.

"Wiki sita," daktari alisema. "Mguu huu usiukanyagie kabisa."

"Wiki sita! Daktari, binti yangu anafunga ndoa wiki ya tatu!"

"Basi utahudhuria na plasta yako."

Ndoa ingefungwa katika ofisi ya usajili, Ijumaa, saa nne asubuhi. Binti alikuwa amemwandikisha baba yake awe shahidi. Hakutaka mtu mwingine. Mama yake, alipokuwa kitandani siku zile za mwisho, alimwambia mumewe neno moja: "Siku ya mtoto wetu usikae nyuma. Simama kwa niaba yetu wote wawili."

Lakini ofisi ile ilikuwa na ngazi sita mlangoni.

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitalini, Timazi alikuwa uani, anarukaruka juu ya tofali kwa mguu mmoja. Jirani yake alimwona. Jirani huyo alitengeneza redio na simu, na watu walimwita Mama Redio. Tangu utotoni alitumia kiti cha magurudumu. Yeye na marehemu mke wa Timazi waliitana dada, kwa hiyo Timazi alikuwa shemeji yake, na shemeji hapewi nafasi ya kupumua.

"Shemeji, unaruka kama chura. Mvua inakuja?"

"Niache. Nafanya mazoezi ya ngazi za ofisini."

"Pale si pana mteremko, pembeni ya ngazi?"

"Ule ni wa walemavu. Mimi naumwa kwa muda tu. Nitapona."

"Na njaa je? Si ya muda? Basi usile."

Binti alicheka jikoni mpaka mwiko ukamponyoka.

"Watu watasema najifanya," alinung'unika Timazi.

"Watu gani? Hao watakaokubeba ukivunja na mguu wa pili? Nisikilize, shemeji. Mteremko, choo kipana chenye vyuma vya kushikilia, kiti cha mbele ndani ya basi, vyote hivyo havikuandikwa jina la mtu. Ni vya anayevihitaji leo. Mjamzito anavihitaji. Bibi mwenye magoti mabovu anavihitaji. Mwenye plasta anavihitaji. Mguu ukipona, unampisha mwingine. Mtu haoni haya kutumia mwavuli kwa sababu mvua itakwisha."

Timazi aliyachukua magongo yake, akayaegemea kwa kwapa. Mama Redio akayatazama magongo.

"Na hapo unakosea. Usiyalalie kwa kwapa, utaumia mishipa. Uzito wako uwe mikononi. Ukipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Ukishuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Na mtu awe karibu nawe."

"Kwapa sasa hivi linawaka moto," Timazi alikiri.

"Linawaka kwa ubishi. Ngazi mbili sawa, lakini sita kwako ni nyingi bado. Ijumaa hiyo nitakuazima kiti changu cha akiba. Kina kelele kidogo, lakini hata wewe una kelele." Kisha akaongeza, "Ila ule mteremko wenyewe, mimi siupandi bila kusukumwa. Aliyeujenga nadhani alikuwa anaezeka paa."

Timazi alikohoa, akageuka kuangalia kuku.

Ijumaa ilifika. Binti alivaa gauni jeupe. Baba yake alivaa suti, na mguu mmoja wa suruali ulikuwa umefumuliwa ili upite kwenye plasta. Bwana harusi alimsukuma kwenye kile kiti cha akiba hadi ofisini, huku Mama Redio akifuata na wageni kumi hivi.

Mteremko ulikuwepo. Juu yake palikuwa na vyungu vinne vya maua na pikipiki ya karani. Wakubwa wengi ndivyo walivyo. Wao hushushwa na gari mlangoni, kwa hiyo mteremko kwao ni mahali pa kuweka maua.

Wageni waliondoa vyungu na pikipiki. Bwana harusi alishika kiti akasukuma. Magurudumu yalipanda hatua mbili, kisha kiti kikainuka mbele. Timazi aliona mbingu.

"Nishushe! Nishushe, mkwe wangu, utanizika nikiwa na suti!"

Wakarudi chini. Walijaribu tena, watu wanne, na kiti nusura kipinduke. Karani akachungulia kutoka juu.

"Zimebaki dakika kumi. Mkipitwa, mtakuja mwezi ujao. Au tafuteni shahidi mwingine."

"Sitaki shahidi mwingine," alisema binti, na macho yake yakaanza kujaa machozi.

Timazi aliinamisha kichwa. Pale chini, kwenye saruji, aliiona alama ya timazi, uzi na kitu kizito mwishoni, iliyochorwa kwa msumari. Ilikuwa alama yake. Aliiweka mwenyewe miaka sita iliyopita.

"Ni mimi," alisema polepole. "Mteremko huu niliujenga mimi. Mkuu wa ofisi aliniambia mkaguzi anakuja kesho, niweke kitu chochote kinachoshuka. Nilijua ni mkali. Nikasema, mimi ni nani? Nikachapa saruji, nikaenda zangu."

Watu wakainama kuitazama alama. Kisha Mama Redio akasema, "Kumbe mpimaji wa milango ya wenzake ndiye wewe!" Vicheko vikalipuka, na binti naye akacheka huku akifuta machozi.

"Nicheke baadaye, shemeji. Nifanyeje sasa?"

"Usibebwe ngazini, wakikuangusha utavunja na mguu wa pili. Kama huwezi kuifikia huduma, omba huduma ikufikie. Hiyo si fadhila." Mama Redio akapaza sauti. "Karani! Mwambie msajili tunaomba ashuke na kitabu chake!"

Msajili alikuwa mama mwenye miwani, mwenye haraka. Alitoka, akautazama mteremko, akaitazama plasta.

"Leteni meza," alisema.

Mahali pekee pa tambarare palikuwa penye maegesho ya mkuu wa ofisi. Meza ikawekwa hapo. Ndoa ikafungwa palepale, juani, saa nne kamili. Timazi alijiinua kwa magongo, akasimama kwa mguu mmoja, akatia sahihi. Alisimama kwa niaba ya wawili.

Honi ikalia. Mkuu wa ofisi alikuwa amefika, mkuu yuleyule, ila tumbo lilikuwa limeongezeka.

"Nani ameruhusu harusi kwenye maegesho yangu?"

"Mteremko wako, mkuu," alijibu msajili bila kuinua kichwa.

"Wewe uliagiza na mimi nikajenga," alisema Timazi. "Tumekosa wote. Mimi nipo tayari kurekebisha. Wewe je?"

"Tutalishughulikia," alisema mkuu.

Timazi alilijua neno hilo. Ni neno lisilo na miguu. Siku hiyohiyo waliandika barua, na wageni wote wakatia sahihi. Kila Jumatatu Mama Redio alikwenda kuulizia jibu. Kwa kuwa hakuweza kupanda, alisubiri chini ya dirisha la mkuu, na ili asichoke kusubiri, alifungulia redio kwa sauti yake yote. Jumatatu ya nne, kibali kilitoka.

Wakati huo plasta ilikuwa imeshatolewa. Kwa wiki zilizobaki Timazi alikaa kiti cha mbele cha basi bila haya, na kliniki alitumia choo chenye vyuma. Sasa alikuwa anachechemea kidogo tu. Alivunja kazi yake ya zamani kwa nyundo yake mwenyewe, kisha akapima upya. Kanuni aliijua tangu zamani: kwenda juu shubiri moja, kwenda mbele shubiri kumi na mbili. Ngazi zile zilikuwa na kimo cha shubiri nne. Mteremko mpya ulihitaji shubiri arobaini na nane. Ule wa kwanza ulikuwa na kumi na mbili tu. Akaukunja katikati, akaweka mahali pa kupumzikia, na vyuma vya kushikilia pande zote. Juu ya ukuta akaandika kwa rangi nyekundu: USIWEKE KITU HAPA. HATA MAUA.

Siku ya kufungua, Mama Redio alitangulia. Mikono yake ilizungusha magurudumu taratibu. Hakuna aliyemsukuma. Alifika kwenye kona, akapumzika, akaendelea hadi mlangoni. Akageuka na kutazama chini kwa muda mrefu bila kusema neno. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

Nyuma yake alipanda Timazi. Mlinzi mgeni alimzuia.

"Mzee, miguu yako mizima. Ngazi zile pale."

"Ninapima tu, mwanangu," alisema Timazi. "Mteremko huu nimeujenga mara mbili. Mara ya kwanza niliujengea mkaguzi."

"Na mara ya pili?"

Timazi aliutazama mguu wake, akamtazama na shemeji yake pale juu.

"Mara ya pili nimewajengea watu," alisema, akarudi chini, akapanda kwa ngazi.