Reli za Handakini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa reli, walipokuwa wakifufua njia iliyolala tangu babu yake akiwa kijana, ili ibebe abiria tena. Mchana mmoja aliingia handakini kukagua reli za zamani. Nje, pande zote mbili, zilishang'olewa.

"Ukikutana na treni, ipishe," shemeji yake, fundi mwenzake, alikuwa amemtania mlangoni mwa handaki.

Katikati, tochi ikazimika. Maji yalikuwa yakidondoka gizani. Kisha reli zikaanza kuvuma, taratibu, halafu kwa nguvu. Akajibana ukutani, roho mkononi, mpaka mvumo ukapita na kufifia.

Tochi ilipowaka tena, akainama. Reli alizoziona zimejaa kutu alipoingia sasa ziling'aa juu, kama zinazopitiwa kila siku. Akagusa moja. Ilikuwa ya moto.