Sauti Iliyopokea Oda

Mteja alikuja kuchukua sketi yake huku akicheka peke yake.

"Fundi, ujumbe wako wa jana umenivunja mbavu. Sikujua una utani hivyo!"

Fundi hakukumbuka kumtumia ujumbe wowote. Akaomba ausikie. Mteja akabonyeza simu yake, na katika kile chumba cha kushonea ikatoka sauti ya Fundi mwenyewe: anavyovuta maneno, kikohozi chake cha vumbi la nyuzi, hata kile kicheko anachokizuia kwa kiganja. "Njoo mpenzi, sketi yako imependeza kuliko mwenyewe." Fundi akatabasamu na kupokea sifa, lakini alijua hakuyasema maneno yale.

Simu yake ilikuwa ya kazi. Aliinunua ikiwa imeshatumika, baada ya mumewe kufariki, ili apige picha za magauni, apokee oda na awajibu wateja bila kuacha cherehani. Alishirikiana na wifi yake, dada wa marehemu, ambaye wateja walimwita Mkasi kwa kuwa ndiye aliyekata vitambaa, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Simu waliitumia wote wawili. Nani mwingine angeweza kumwigiza?

Hakumwuliza. Alianza tu kuificha simu mfukoni mwa aproni na kumtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. Mkasi akaliona jicho.

"Siku hizi unanichunga kama mwizi, wifi?"

"Nachunga simu."

"Haya. Ichunge."

Hata hivyo majibu yaliendelea kwenda. Mteja mmoja alishukuru kwa pole aliyopewa kwa msiba ambao Fundi hakuwa hata na habari nao. Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa, lakini ilikuwa na joto kama kitu kilichokuwa kikiongea mchana kutwa. Ndipo ilipoanza harufu ya kitambaa kibichi kinachounguzwa na pasi. Fundi aligusa pasi. Ilikuwa ya baridi.

Alhamisi alimkuta Mkasi amepiga magoti sakafuni, anamalizia kuunganisha kwa sindano vipande vya kitambaa cheusi vilivyojaa chumba kizima.

"Hii ni nguo ya nani?"

Mkasi akainua kichwa. "Si wewe uliyeniagiza? Nilidhani huzuni imekupanda kichwani, nikaona nikate na kushona tu, nisikuudhi." Akatoa simu yake mwenyewe, akamsikilizisha ujumbe. Sauti ya Fundi ilitaja vipimo, taratibu, kama anayesoma tepu ya kupimia: mabega membamba kama ya mtoto, shingo ndefu, na mikono mirefu kuliko gauni lenyewe. "Mteja atakuja kulijaribu Ijumaa, jua likiwa utosini."

Fundi akaitambua mikono ile pale sakafuni. Alikuwa ameishona mwenyewe juzi.

"Uliniambia ni mapazia," alinong'ona. "Ulikuwa chumba cha ndani, ukapaza sauti: shona hivyo vipande viwili, ni mapazia."

"Juzi sikuwa ndani, wifi. Nilikuwa kwenye duka la vitambaa."

Wakatazamana. Kila mmoja alitaka kumwamini mwenzake, na kila mmoja alikuwa akitafuta usoni mwa mwenzake dalili ya uongo.

Jioni ileile walikwenda kwa mganga, mama mmoja mpole aliyekataa hata kuigusa simu.

"Huyu hana umbo," alisema kwa sauti ya chini. "Anaazima sauti kwanza. Sasa ameagiza mwili, na nyinyi mmemshonea. Akilivaa gauni hilo hatoki tena. Lifumueni, uzi kwa uzi, nyinyi wenyewe kwa mikono yenu. Mkilichoma likiwa zima mtakuwa mmemvisha. Nitakaa mlangoni kusoma dua. Mtakayoyasikia, msiyasikilize."

Ijumaa walikaa na wembe mkononi, kila mmoja na upande wake wa gauni. Nje jua liliwaka, watu walipita wakiongea, na kutoka mlangoni ilisikika sauti ya mganga akisoma. Halafu simu iliyozimwa ikaanza kusema kwa sauti ya Mkasi, bila hasira, kama mtu anayezungumza na nafsi yake: kwamba kaka yake alikuwa akimsubiri mkewe hospitali usiku ule aliofariki, kwamba aliuliza mara nyingi yuko wapi, kwamba mkewe alikuwa amechelewa kwa ajili ya gauni la harusi ya watu. Fundi alifumua huku machozi yakimdondokea kwenye kitambaa, na kadiri alivyofumua ndivyo cherehani nyuma yake ilivyoanza kujiendesha, taratibu kisha kwa kasi, sindano ikipanda na kushuka bila uzi, na harufu ya kuungua ikajaa mpaka ikakaa kooni, na kivuli chembamba kikaingia chini ya mlango, kikapita miguuni pa mganga, kikatambaa sakafuni kikitafuta pa kuingizia mkono, kikaufikia ukingo wa kitambaa na kuupapasa, na hapo Mkasi akakata mshono wa mwisho.

Cherehani ikasimama. Kivuli kikabaki kidogo juu ya vile vipande, kama mtu aliyekuja akakuta duka limefungwa, kisha kikarudi kilikotoka. Mganga alichoma nyuzi, akaizamisha simu kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyepokea ujumbe ambao wao wenyewe hawakuutuma.

Walipobaki peke yao, Fundi akauliza, "Wifi, yale niliyoyasikia kwa sauti yako, kuhusu hospitali..."

"Sauti yangu?" Mkasi alikuwa anafuta macho. "Mimi nilisikia sauti yako muda wote."

"Ilisema nini?"

Mkasi akainamia vitambaa. Hajajibu mpaka leo.

Bado wanashona pamoja, na kazi ni nzuri. Lakini Mkasi akimwita kutoka chumba cha ndani, Fundi haitiki. Anainuka, anakwenda hadi mlangoni, na kuitazama kwanza midomo ya wifi yake.