Pazia Lililotetemeka Mapema

Hadithi hii haina chumvi hata chembe. Haya basi, chembe moja nimeitia pale kwenye sanamu lisilo na kichwa, maana palikuwa pamepooza. Kwingine kote ni kweli tupu, na asiyeamini akaliulize hilo sanamu.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye nyumbani walimwita Dereva, ingawa hakuwahi kushika usukani hata wa baiskeli. Alichoendesha ni kisanduku. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo kama mche wa sabuni, kina vibonye na spika, na ndani yake vilijaa vitabu vilivyosomwa kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Maktaba ya wasioona ilimwazima kisanduku hicho bibi yake, mzaa mama, baada ya macho kufifia. Bibi mwenyewe alikataa kuitwa kipofu. Alisema macho yake yamestaafu tu, na kwamba yalistahili, kwa jinsi yalivyowahi kutazama mambo yasiyoyahusu.

Mama yake Dereva alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na vipande vya kitambaa kila kona. Nyuma yake kulikuwa na stoo ya majora na nyuzi, na humo ndimo alimosimama Mheshimiwa, sanamu la kujaribishia nguo. Walilipa jina hilo kwa sababu lilikuwa na kifua kipana na halina kichwa.

Kila jioni, mwanga unapoanza kupungua na kabla ya chakula, Mama alisimamisha cherehani na wote watatu wakakaa kwenye benchi. Siku hizo alikuwa na oda ya mapazia ya ukumbi, mazito, ya zambarau iliyokaribia weusi. Pindo lake lilitakiwa kushonwa kwa mkono ili uzi usionekane. Basi walilitandaza pazia moja juu ya magoti yao, Mama upande huu, Bibi upande ule, Dereva katikati, kila mmoja na sindano yake. Bibi alishona kwa ncha za vidole, na pindo lake ndilo lililonyooka kuliko yote.

Dereva akabonyeza kibonye, na Bwana Msomaji akaanza kusema. Hakuna aliyewahi kumwona Bwana Msomaji. Alikuwa na sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lakini alipoiga sauti ya mwanamke, ilikuwa nyembamba na karibu mno, kana kwamba mwanamke huyo amekaa begani kwako.

Kitabu kilihusu mvulana aliyeishi na mama yake katika nyumba kubwa. Mwishoni mwa ukumbi mrefu wa nyumba ile palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mlango usiotumika. Jioni ile mvulana alipita hapo akiwa amebeba taa. Hapakuwa na upepo. Pazia likajongea, taratibu, kama kitu kinachovuta pumzi.

Sura ikaishia hapo.

"Iendelee, Mama! Kidogo tu!" Dereva alisema.

"Sura moja kwa jioni, na hakuna kusikiliza mbele. Tumeanza pamoja, tutamaliza pamoja. Atakayetangulia, udereva basi."

"Mimi hata nikitaka kutangulia siwezi," Bibi alisema. "Hivyo vibonye vinanishinda. Cha kuwasha ni kipi vile, mke mwenzangu?"

"Hicho kikubwa, Bibi."

"Loo, kila siku nasahau."

Kesho yake Dereva alitoka shule, akamkuta Mama akimpima mteja na Bibi amelala. Siku hizo Bibi alikuwa amezoea kulala mchana, kajifunika shuka gubigubi hata kwenye joto. Dereva akajiambia kwamba atasikiliza kidogo tu, mpaka ajue nani alikuwa nyuma ya pazia. Akachukua kisanduku kwenye kapu kilimohifadhiwa, akaingia stoo, akaketi kati ya majora, akapunguza sauti na kukibana sikioni.

Mvulana alirudi kwenye ukumbi. Mama yake alikuwa jikoni, alimsikia akigonganisha sufuria. Na wakati huohuo, nyuma ya pazia, sauti ileile ya mama yake ikamwita:

"Njoo, mwanangu. Mbona umechelewa?"

Nywele zilimsimama Dereva. Alitaka kuzima, lakini kidole kiligoma. Sura ilipokwisha alirudisha kitabu nyuma mpaka walipoishia wote, akakirudisha kisanduku kapuni, akaenda kunawa uso. Kutoka karakana Mama aliita, "Njoo, mwanangu, unishikie futi!" Dereva alisimama pale penye ndoo, maji yakimchuruzika kidevuni, akasikiliza kwanza sauti inatokea upande gani.

Jioni hiyo hawakusikiliza kitabu. Wateja walikaa mpaka chakula. Kwa hiyo hofu ilibaki na Dereva peke yake. Waliokaa watatu kwenye benchi hupunguziana hofu: mmoja anaguna, mwingine anacheka, Bibi anamtukana jini wa kwenye kitabu, nayo hofu inakosa nguvu. Lakini hii ya Dereva haikuwa na wa kuguna wala wa kutukana. Ikaanza kuzungukazunguka nyumbani, ikijaribu viti.

Kesho yake shuleni alimdokezea Mapengo, waliyekaa naye dawati moja.

"Mtu wa kwenye hadithi?" Mapengo alicheka, na mapengo yake yote yakaonekana. "Sasa huyo atakulaje, na meno hana?"

"Na wewe je, unakulaje?"

Walicheka wote. Lakini alipokaribia nyumbani, kicheko kilibaki njiani.

Mchana huo Mama alikuwa akitoka kununua bitana. "Nichambulie nyuzi za zambarau stoo," alisema akiwa mlangoni. "Bibi yako amelala, usipige kelele."

Dereva aliingia stoo. Kidirisha kilikuwa kidogo na mwanga ulikuwa wa kijivu. Mheshimiwa alikuwa amevikwa pazia moja lililokwisha kushonwa, limemfunika mpaka chini, na pale ambapo kichwa kingekuwa, kitambaa kilikuwa kimejikunja kama mtu aliyeinama kusikiliza. Dereva alimpa mgongo. Halafu akaona ni vibaya zaidi kumpa mgongo, akageuka. Alichambua nyuzi bila kuzitazama.

Hapo ndipo aliposikia sauti. Ilikuwa ndogo, nyembamba, karibu mno, na ilitoka ukutani.

"Njoo, mwanangu. Mbona umechelewa?"

Dereva alikaza macho ukutani. Akajiambia hiyo ni kumbukumbu tu, kichwa kinarudia kilichosikia jana. Lakini sauti haikukoma pale ilipokoma jana. Iliendelea, ikasema maneno ambayo hakuwahi kuyasikia:

"Mlango haujafungwa. Sukuma tu."

Alitazama mlango wa stoo. Kweli, haukuwa umefungwa. Ulikuwa wazi upana wa kiganja, na kitambaa juu ya Mheshimiwa kilikuwa kinateleza, polepole, kikielekea sakafuni.

Hakumbuki alivyotoka. Mama aliporudi alimkuta barazani juani, ameshika vibiringo vya uzi kifuani kama vifaranga.

"Una nini?"

"Hakuna kitu."

Alimfuata Mama ndani, hatua kwa hatua, akichungulia. Bibi alikuwa kitandani, kajifunika. Kisanduku kilikuwa kapuni, kimezimwa. Dereva alikigusa, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameondoka sasa hivi.

Angemwambia Mama? Angeulizwa: hayo maneno umeyajuaje kuwa ni ya kitabuni, na hatujafika huko? Na udereva ndio ulikuwa kitu chake. Katika nyumba ile Mama alikuwa na cherehani, Bibi alikuwa na mdomo, yeye alikuwa na kisanduku. Akanyamaza. Hakumaliza chakula, na alipotumwa stoo alisema tumbo linauma. Mama alimpima joto shingoni kwa mkono.

"Hii malaria. Kesho asubuhi hospitali, na kama ni sindano, ni sindano."

Dereva akaona sasa atachomwa sindano kwa ugonjwa wa kusikiliza.

Kabla ya hiyo kesho, wakati wa kitabu ulifika. Pazia likatandazwa magotini. Akabonyeza. Bwana Msomaji akaanza kwa upole: mvulana anakunywa maji, sufuria zinagongana jikoni, jioni njema tu, isiyo na neno. Mama alishona. Bibi alishona.

"Simamisha," Bibi alisema.

Dereva akasimamisha.

"Nani anatetemesha pazia?"

"Mimi sitetemeshi," Mama alisema.

"Najua si wewe. Upande wako umetulia kama maji ya mtungi. Linatetemeka kutoka katikati." Mkono wa Bibi ulitembea juu ya kitambaa mpaka ukafika kwenye goti la mjukuu. "Mke mwenzangu, huyu mtoto wa kitabuni anakunywa maji tu. Wewe unaogopa maji?"

"Nimejichoma sindano, Bibi."

"Kidole gani?"

Dereva akanyoosha kidole. Bibi akakipapasa chote, kama anayetafuta mbegu kwenye pamba. "Hiki ni kikavu. Mtu huogopa anachokisikia, au anachojua kinakuja. Hapa hakijasikika kitu. Umetangulia."

"Sijatangulia! Naapa..."

"Usiape," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Sema tu."

Dereva akasema. Alianza na stoo, akaja kwenye kidole kilichogoma, halafu sauti ya ukutani, pazia lililoteleza, kisanduku chenye joto. Mwishoni alikuwa analia, pua juu ya zambarau ya watu, Mama akaivuta zambarau taratibu ili isilowane.

"Kumbe si malaria," Mama alisema, akamkumbatia. "Nilikuwa napanga kukutoa damu bure."

"Na udereva?"

"Kwa kusikiliza mbele, ungeupumzisha leo. Kwa uongo wa sindano, upumzishe na kesho."

Bibi akakohoa, akajinyoosha mgongo kama anayetaka kuhutubia mkutano.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuogopa si aibu. Kitabu kizuri kinakuingia mpaka kwenye mifupa. Unalia kwa ajili ya mtu ambaye hakuzaliwa, na machozi ni yaleyale. Ndiyo maana tunakisikiliza pamoja. Lakini ulipodanganya ulijifungia ndani na hofu yako, na sisi tulikuwa hapahapa, hatua chache, tungeifukuza kwa kicheko. Ukweli ungeusema jana, jana hiyohiyo ungelala. Mtu mwaminifu hana haja ya kuogopa kuta."

"Umesikia?" Mama alisema.

"Nimesikia. Lakini Bibi, ile sauti ya ukutani?"

"Panya," Bibi alisema upesi.

"Panya anasema 'Mlango haujafungwa, sukuma tu'?"

"Siku hizi panya wanajua mengi."

Siku mbili za adhabu zilipita, Mama akibonyeza yeye, akikosea vibonye na kumsomesha Bwana Msomaji sura za nyuma, mpaka ile sura ya Dereva ikamalizwa. Jioni ya tatu Dereva alirudishwa kwenye cheo chake. Asubuhi yake alikuwa ameingia stoo mwenyewe, na Mama nyuma yake, akamvisha Mheshimiwa pazia upya na kumbana kwa pini mabegani, maana pini ndizo zilizokosekana siku ile.

Sura ilikuwa mpya hata kwa Dereva. Ilianza kimyakimya. Mama wa mvulana yuko jikoni, anaosha vyombo, anaimba kidogo. Dereva alitoboa, akavuta uzi. Ndipo alipohisi. Pazia lilikuwa linatetemeka, na safari hii si katikati. Lilitoka upande wa Bibi.

Akageuka. Bibi alikuwa ameacha kushona. Alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Mama, mbona unalia?" Mama yake Dereva akauliza. "Mtu anaosha vyombo tu hapo."

"Vitunguu."

"Sijaanza kupika."

"Maskini," Bibi alisema, akipenga kamasi, "anaimba, na hajui kama ndiyo mara ya mwisho kuviosha."

Bwana Msomaji aliendelea, hana habari. Mvulana alikuwa amefika mwisho wa ukumbi. Na nyuma ya pazia, nyembamba, karibu mno, sauti ikasema: "Njoo, mwanangu. Mbona umechelewa? Mlango haujafungwa. Sukuma tu."

Dereva akabonyeza kibonye. Bwana Msomaji akakatika. Alitazama ukuta wa stoo, akakumbuka ni kitanda cha nani kilichoegemezwa upande wa pili.

"Bibi," alisema taratibu, "kibonye cha kuwasha ni kipi vile?"

Bibi akainama, akaanza kupapasa benchi, kushoto na kulia, akitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.