Waya wa Mama Ragab

Kila Alhamisi Nesma alirudi kutoka shuleni, akala, akafagia sebule, kisha akamchana nywele mdogo wake ili baba yao asije akaona kichaka. Baba alikuwa mjenzi huko Kuwait, na magharibi ya Alhamisi ndipo alipopiga simu ya video. Lakini siku hizi sura yake iliganda mdomo wazi, na sauti ikaja vipande vipande. Nesma, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ulimi usiojua kupumzika, alikwisha kumpata mwenye kosa.

"Ni Mama Ragab wa ghorofa ya nne," aliwaambia majirani ngazini. "Wanawe wanacheza michezo kutwa. Wanatumalizia intaneti yote!"

Katika jengo lao pale Mansura, nchini Misri, familia zote zilichangia intaneti moja. Ruta, kisanduku cha kugawa intaneti, ilikaa juu ya paa, na kutoka hapo kila nyumba iliteremshiwa waya wake ukutani. Maneno ya Nesma yakapanda ngazi, yakashuka, yakanenepa njiani. Alhamisi moja Bwana Wagdi, msimamizi wa jengo, akatangaza kwamba baada ya sala ya alasiri angeukata waya wa Mama Ragab. Nesma akafurahi kama aliyeshinda kesi.

Mama yake mdogo, Feryal, fundi wa mitandao, alikuwa amekuja kula nao chakula cha mchana. Akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Umeona mwenyewe, au umehisi tu?"

"Mama mdogo, hata mtoto mchanga anajua!"

"Haya, mwite huyo mtoto mchanga atuonyeshe."

Feryal akachomeka waya wa nyumba kwenye kompyuta yake, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, maandishi matupu. "Ukimtuma mtu sokoni akachelewa, si utauliza alikwama wapi? Amri hii inatuma ujumbe mdogo uende mbali, mara tatu kwa kila kituo. Kila kituo kinachopitiwa kinajibu, nasi tunaona muda uliotumika. Kisichojibu kinaandikiwa nyota."

Akaandika amri. Mistari ikaanza kushuka, kituo baada ya kituo. Kwenye mstari wa tano zikatokea nyota tupu.

"Huyo hapo!" Nesma akaruka. "Mama Ragab!"

Feryal akacheka mpaka akajishika mbavu. "Huyo ni kituo cha Kairo, mwanangu! Wala haumwi, ana maringo tu, haitikii salamu. Si unaona wa mistari inayofuata wameitika? Hebu soma mstari wa kwanza."

Mstari wa kwanza ulikuwa na nyota, namba kubwa, kisha nyota tena.

"Hicho ni kituo gani?"

"Ni ruta yenu ya hapo juu. Ujumbe ulipaswa kufika kufumba na kufumbua, lakini umepotea mara mbili na kuchelewa mara moja. Kama kosa lingekuwa la watoto wa Mama Ragab, mstari huu ungekuwa safi, shida ingeanzia mbele ya ruta. Ugonjwa uko kati ya hapa na paa. Ni waya wenu wenyewe. Panda ukautazame, mimi nikague huku chini."

Nesma akapanda. Juu ya paa akautafuta waya wao. Zulia lao la zamani la sebule lilikuwa limening'inia juu ya waya wao, zito, limeuvuta hadi kichwa chake kikachomoka nusu kwenye ruta. Alilianika mwenyewe siku ya usafi wiki kadhaa nyuma, kamba zilipojaa nguo, kisha akalisahau. Akalishusha, akakisukuma kichwa cha waya mpaka kikalia "ka!"

Hakuna aliyemwona. Angeweza kukunja zulia na kushuka zake. Mara Bwana Wagdi akatokea na koleo mkononi.

"Ahaa, Nesma! Umekuja kuona nikimkomesha Mama Ragab?"

Nesma akamzuia njia. "Ami Wagdi, usikate. Ni mimi. Nilianika zulia kwenye waya wetu."

"Wewe? Wewe uliyetutangazia jengo zima?"

"Mimi."

Bwana Wagdi akalitia koleo mfukoni. "Basi mdomo uliopandisha uongo ngazini uteremshe ukweli. Mlango kwa mlango."

Nesma akabisha kwanza kwa Mama Ragab, akakiri habari ya zulia, machozi yakimlengalenga.

"Ningekatiwa waya kwa zulia lenu?" Mama Ragab akang'aka. "Na Ragab wangu anasomea mtihani kwa intaneti hiyo hiyo!" Kisha akaguna. "Haya, nyamaza. Kesho utakung'uta mazulia yangu yote. Na uyaanike kwenye kamba, wewe!"

Magharibi, Nesma akiwa amemaliza milango yote, sura ya Baba ilitokea ikiwa safi hadi mvi za ndevu. Nesma akamweleza yote kabla hajatanguliwa na mtu.

"Nyani haoni kundule," mama yake Nesma akasema, akicheka.

"Mwache, kundule ameliona na amelisema," Baba akajibu. "Sikiliza, binti yangu. Ukitafuta kosa, anza kulifuata kutoka mlangoni pako, ndipo upite kwa jirani. Na ukilikuta kwako, sema. Leo umemwokoa Mama Ragab kwa kusema kweli mahali ambapo kunyamaza kulikuwa rahisi. Nakuonea fahari."

Nesma alilisikia kila neno.