Haja Kwanza, Kahawa Baadaye

Kijijini kwa kina Zuwaina, katika milima ya Omani, maji ya shamba hayatoki bombani. Yanatoka tumboni mwa mlima, kwa mfereji uliochimbwa na mababu ndani ya mwamba. Wenyewe wanauita falaji. Yakishatoka nje hugawanywa kwa zamu, shamba hadi shamba. Msimamizi wa zamu ni baba yake Zuwaina, Mzee Sulayyim. Hupima muda kwa kivuli cha kijiti uwanjani, kisha hupaza sauti: "Zamu ya Bi Moza! Fungua!"

Mwaka ule maji yalipungua. Ndani ya mwamba, paa la mfereji lilikuwa limeporomoka. Wapi hasa? Hakuna aliyejua. Mitende ikaanza kukauka, na watu wakaanza kuzungumzia kuhama.

Ndipo wakasikia habari za chuo kimoja ng'ambo. Kina wataalamu wa mifereji ya kale na kamera za kupita chini ya ardhi. Kila mwaka kinachagua kijiji kimoja na kukisaidia bure. Ila maombi lazima yaandikwe kwa Kiingereza.

"Kiingereza si unacho, mwanangu?" alisema Mzee Sulayyim. "Mimi nitasema, wewe andika."

Mzee akasema, na kusema anajua! Salamu kwanza. Kisha sifa za chuo. Kisha afya za wanakijiji, mmoja mmoja, Alhamdulillahi. Zuwaina naye akachokonoa kamusi, akatafuta maneno mazito mazito. Ombi lenyewe likaja mwisho kabisa, mstari mmoja, limejikunyata kwa haya.

Jibu likaja. Zuwaina akalisoma barazani: "Asanteni kwa salamu zenu nzuri. Tumefurahi kusikia mko wazima."

"Enhe? Na maji?"

"Basi, Baba. Imeisha."

"Wamefurahi!" Mzee alishika kichwa. "Mitende inakufa, wao wamefurahi!"

Siku za kupokea maombi zilikuwa zinakwisha. Zuwaina akamwita jirani yao, Bi Rayya. Huyu alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya bandari kule Maskati, akipokea na kujibu barua za Kiingereza. Aliisoma nakala ya barua yao, akacheka mpaka machozi.

"Ami Sulayyim," alisema, "mgeni akija kwako, unamuuliza habari lini?"

"Baada ya tende na kahawa. Mimi nimekosa malezi?"

"Na jirani akija mbio, nyumba yake inaungua? Utamkalisha umimine kahawa?"

"Astaghfirullah! Nitabeba ndoo!"

"Basi barua ya haja, kwa Waingereza, ni nyumba inayoungua. Sema kwanza unataka nini. Bosi wangu alikuwa akisoma mistari ya mwanzo tu, tena amesimama."

Mzee alikunja uso. "Huo si utovu wa adabu?"

"Kila watu na adabu yao, Ami. Yao ni kutompotezea mtu muda."

Kisha Bi Rayya akamgeukia Zuwaina. "Na wewe, haya maneno marefu ya nini? Unamwandikia akuelewe au akuogope?"

Zuwaina akaisukuma kamusi pembeni.

"Hapa umesema maji yamepungua sana. Sana ndiyo kiasi gani? Msomaji yuko mbali, hana macho huku. Mpe macho. Nenda katazame, kisha andika ulichokiona."

Kesho yake Zuwaina akaenda shambani kwa Bi Moza, bibi kizee anayeishi peke yake. Zamu yake ilipoitwa, maji yakaja yakijikokota. Yakalowesha mtende wa kwanza. Yakafika wa pili. Kabla hayajaufikia mndimu wa mwisho, zamu ikaisha. Bi Moza akafunga mlango wa mfereji kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaenda kwa jirani. Hakuiba hata tone.

Zuwaina alisimama pale, kinywa wazi. Maisha yake yote alikuwa akipita hapa. Leo ndiyo kwanza anaona. Alikwenda mpaka mdomo wa falaji, akaingiza kichwa gizani. Mwamba mtupu! Watu waliupasua kwa patasi na nyundo, ili wajukuu wasiowajua wanywe.

Akarudi, akaandika. Akafuta, akaandika tena. Bi Rayya alimwambia asome kwa sauti. Palipomkwamisha ulimi, akaparekebisha. Mwishowe barua ikaenea katika ukurasa mmoja, na Zuwaina akamfasiria baba yake:

"Tunaomba mlete kamera yenu katika falaji yetu. Paa limeporomoka ndani, nasi hatujui wapi. Mkituonyesha mahali, tutachimba wenyewe. Jana maji hayakuufikia mndimu wa Bi Moza. Muda wake uliisha, akafunga mlango, akawapa wenzake. Tafadhali tujibuni kabla ya kiangazi."

Mzee Sulayyim aliishika karatasi. Alifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Mbona fupi hivi," alisema polepole, "na imenichoma hivi?"

Mhandisi wa chuo kile alifika kabla ya kiangazi, mama mmoja aliyeitwa Harriet. Alishuka garini, akatoa salamu, akauliza kwa Kiingereza, "Bi Moza ni yupi?"

Zuwaina akafasiri. Bi Moza akashika kifua. "Huyu ananijuaje?"

"Nilimwandikia habari zako, Bi."

"Ukanifikisha mpaka kwao? Nami sijavuka hata mlima huu!"

Kamera ikaingia mwambani. Kwenye kioo cha kuonyeshea picha, kijiji kizima kiliona alama za patasi za mababu, safi kama za jana. Kisha likaonekana lundo la mawe. Vijana wakachimba kwa zamu, wiki baada ya wiki, mpaka njia ikafunguka.

Siku maji yalipoufikia mndimu, Bi Moza alisimama miguu ndani ya maji. Akaushika mkono wa Zuwaina, akaugeuza huku na huku.

"Mkono huu huu ndio uliowaita watu kutoka ng'ambo?"

"Nilisema kweli tu, Bi, tena mwanzo kabisa wa barua."

Bi Moza hakuuachia mkono ule.

"Basi nifundishe na mimi. Anza na jina langu."

Zuwaina akachutama, akaliandika kwa kidole kwenye tope.