Sauti ya Susu Chini ya Godoro

Kila Jumamosi, akishamaliza kuchota maji na kuosha vyombo, Kaveke wa Gredi ya Sita alimshika mkono rafiki yake Ndunge wakaenda maktaba ndogo ya Tawa. Ndunge haoni. Kusoma kwake ni kuvaa visikizi masikioni na kusikiliza sidii za hadithi zilizosimuliwa na akina nyanya wa hapo Tawa. Aliyoipenda kupita zote ni ya susu yake Kaveke, yaani nyanya yake, aliyefariki mwaka jana. Katikati ya hadithi, susu aliacha kusimulia akamfukuza kuku: "Toka wewe, hujaalikwa!" Hapo Ndunge alicheka hadi akashika mbavu.

Jumamosi hii, kasha la sidii hiyo lilikuwa tupu.

"Imeibwa," alisema mkutubi, Madam Kalekye, uso umekunjamana. "Zilizobaki nimezifungia kabatini. Hakuna atakayezisikiliza tena."

"Hata mimi, Madam?"

"Hata wewe, mamaa. Nifanyeje?"

Ndunge aliketi kwenye benchi, mikono mapajani. "Huyo mwizi hana haya! Pole, Kaveke. Alikuwa susu yako, wewe ndiwe uliyeumia zaidi."

Lo! Pole hiyo ilimchoma Kaveke. Sidii ilikuwa kwao, chini ya godoro. Alipoichukua alijiambia kwamba sauti ni ya susu yake, kwa hivyo ni mali yake. Na kwao hata mashine ya kuichezea haikuwapo! Wiki nzima aliitazama tu ikimetameta, susu kimya.

"Ndunge, ningoje hapa," alisema, akatoka mbio.

Alirudi akihema, sidii ameifunga kwa leso. "Madam, mwizi ni mimi," akaangua kilio. "Nilimkumbuka sana susu."

Ndunge alimpa mgongo. Heri angemtukana.

Madam Kalekye aliipangusa sidii polepole. "Ungeniomba, ningekunakilia yako. Nami nilikosea kuziacha wazi. Kuanzia leo makasha matupu yatakaa rafuni, na sidii zitakaa kwangu kaunta. Anayetaka aombe, asikilize, arudishe. Kabati nitalifungua. Lakini sikia, Kaveke. Susu yako alikuwa mgonjwa siku ile tuliyomrekodi, na bado alikuja, ili kila mtoto wa Tawa amsikie. Ukificha kitu cha wote, umewaibia wote, hata kama wewe ni mjukuu."

"Nisamehe, Madam. Ndunge, nisamehe."

Madam aliitia sidii kwenye mashine. Ndunge alivaa visikizi, akasikiliza kwa muda mrefu bila kutabasamu. Kisha akavivua, akavigawa, upande mmoja sikioni mwake, wa pili akaunyoosha hewani akimtafuta Kaveke.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Lakini sogea haraka, kuku anakuja."